Uffizi au Accademia: una siku moja Firenze, uingie wapi?

Kila mgeni anayenijia hapa Bologna, Italia, huuliza kabla hajavua koti: "Firenze tunaenda lini?" Kwa treni ya mwendokasi ni kama dakika 40, kwa hiyo siwezi kumnyima mtu safari hiyo. Swali linalofuata ndilo lenye kazi. Wengi huwa na siku moja, pesa ya jumba moja la sanaa na miguu ya jumba moja. Waingie Uffizi, kwenye michoro ya Giotto, Botticelli na Leonardo? Au waende Accademia, alikosimama Daudi, ile sanamu ya Michelangelo?

Nimeshapeleka wageni kwenye majumba yote mawili, wazee kwa watoto, mafundi kwa wasomi. Msimamo wangu nautaja mapema: mtu anayekuja mara moja tu maishani mwake namwelekeza Uffizi. Lakini wapo ambao ningewaambia waende kule kwingine bila kusita, na wa kwanza wao ni mjomba wangu.

Majumba haya yametoka wapi

Uffizi maana yake ni ofisi. Mwaka 1560 Cosimo wa Kwanza, mtawala wa Firenze wa ukoo wa Medici, alimpa Giorgio Vasari kazi ya kujenga jengo la kukusanya ofisi za serikali mahali pamoja. Mwanawe Francesco akaigeuza ghorofa ya juu kuwa pa kuwekea hazina za ukoo, michoro, sanamu za kale na vitu adimu. Ukoo ule ulipokuwa unakatika, mwaka 1737, binti wa mwisho, Anna Maria Luisa, alitia saini mkataba kwamba mali yote hiyo ibaki Firenze na kisitolewe hata kipande. Ndiyo maana leo unaingia jumba moja na kukuta karne nzima nzima za uchoraji wa Italia zimepangwa chumba baada ya chumba. Umma ulifunguliwa milango mwaka 1769.

Accademia ni ya baadaye, 1784, nayo ilianza kama hazina ya shule: wanafunzi wa sanaa wapate mifano ya kutazama na kuiga. Daudi hakuwapo. Alikuwa nje, kwenye uwanja wa Signoria, alikosimamishwa mwaka 1504, akipigwa mvua na jua miaka zaidi ya 360. Mwaka 1873 ndipo alipohamishiwa ndani, na ukumbi wenye kuba la kioo ukajengwa kwa ajili yake peke yake.

Tofauti hiyo ya asili utaihisi mwilini. Accademia ni jumba linalokuongoza kwenye kitu kimoja. Uffizi ni jumba linalokufundisha kutazama, na masomo yake ni mengi kuliko nguvu zako.

Accademia: njoo kwa ajili ya Wafungwa

Mjomba ni mchonga milango wa Unguja. Ameshika patasi miaka zaidi ya 40. Nilimpeleka Accademia nikijua atamshangaa Daudi, na kweli alimtazama sana, akasema, "Mashallah, huyu alikuwa na mkono." Kisha akaniacha pale, akarudi nyuma kwenye ukumbi mrefu tuliokuwa tumeupita mbiombio kama watu wote wanavyoupita.

Kando ya ukumbi huo zimesimama sanamu nne zisizokwisha. Zinaitwa Wafungwa. Michelangelo alizianza kwa ajili ya kaburi la Papa Julius wa Pili, kazi aliyopewa mwaka 1505 ikamsumbua kwa miaka kama 40, ikipunguzwa na kubadilishwa kila mara. Wafungwa hawa wakabaki nusu jiwe, nusu mtu. Mmoja, Atlas, kichwa chake bado ni bonge la marumaru ambalo yeye mwenyewe anaonekana kulibeba. Mwingine goti na kifua vimeshatoka, mgongo bado umo ndani ya jiwe.

"Mjomba, njoo uone," aliniita, maana sisi huitana hivyo hivyo wote wawili. Alikuwa ameinama karibu na paja la mmoja wao, mikono ameifunga nyuma ili asije akagusa. "Hapa ametumia patasi ya meno. Unaiona mistari? Imekwenda pamoja kama kitana. Na hapa bado ni ile ya ncha, anakata mawe makubwa makubwa. Angesafisha baadaye." Akazunguka upande wa pili. "Na huyu bwana hakulizunguka jiwe. Alianzia uso wa mbele akawa anaingia ndani. Sisi kwenye mbao tunafanya hivyo hivyo, unachora juu, kisha unachimba mpaka ua linatoka lenyewe."

Sijawahi kusikia maelezo mazuri kuliko hayo mle ndani, na nimeshawafuata waongoza watalii kadhaa. Tulikaa na wale Wafungwa karibu saa nzima. Kama wewe ni fundi wa aina yoyote, seremala, mwashi, mshona nguo, mtu anayejua kitu kikiwa katikati ya kutengenezwa kinavyofanana, nenda Accademia. Sanamu iliyokwisha huficha kazi ya mkono. Hizi zimeiacha wazi.

Nasema hivi kwa sababu wengi huchagua Accademia kwa ajili ya Daudi tu, na mimi naona hiyo ndiyo sababu nyepesi kuliko zote. Nakala yake ya ukubwa ule ule imesimama tangu 1910 pale pale alipokuwa yeye, uwanja wa Signoria, na kuitazama hulipi senti. Wafungwa wale wanne, kwa mkono wa Michelangelo mwenyewe, huwapati popote pengine.

Hata hivyo asili ni asili, na nikikwambia nakala inatosha nitakuwa nimekudanganya. Daudi ana urefu wa mita 5.17. Jiwe lake lilikuwa limeshaharibiwa na mafundi wa kabla, likatelekezwa miongo kadhaa kwenye uwanja wa kanisa kuu, refu na jembamba, hakuna aliyelitaka. Michelangelo alipewa mwaka 1501, akiwa na miaka 26. Usimtazame kwa mbele tu. Pita ubavuni, uone alivyo mwembamba, ndipo utajua fundi alibanwa kiasi gani na jiwe alilorithi. Halafu tazama mkono wa kulia, ule ulioning'inia: mishipa imetuna nyuma ya kiganja, vidole vimekunjwa kidogo, na mkono wenyewe ni mkubwa kupita kiasi cha mwili. Uso umetulia lakini shingo imekaza. Goliathi hayupo, vita havijaanza. Nyuma yake pana mahali pa kukaa. Kaa. Watu wengi hupiga picha kwa mbele na kuondoka, kwa hiyo huku nyuma kuna nafasi na utulivu.

Baada ya hapo Accademia haina mengi ya kukuchelewesha. Kuna ukumbi wa sanamu za plasta za karne ya 19, kuna michoro ya dini yenye dhahabu nyingi, na kuna sehemu ya ala za muziki ambayo watu huiruka bure. Humo mna ala za Bartolomeo Cristofori, yule aliyebuni piano alipokuwa akiwafanyia kazi Medici, na ala za Stradivari. Kwa saa moja na nusu umemaliza kila kitu bila kukimbia.

Uffizi: utajiri unaochosha

Uffizi unaanza kwa ngazi, nyingi na ndefu, mpaka ghorofa ya juu. Lifti ipo kwa wasioweza. Ukifika juu unakutana na korido ndefu zenye dari iliyochorwa, sanamu za Kirumi kando, na vyumba vinavyofunguka kutoka hapo. Mtu akitaka kuona kila kitu atatoka na kichwa kizito na hatakumbuka hata kimoja. Mimi hukata. Huwapeleka wageni kwenye vituo vichache na vingine vyote tunavipita kwa salamu.

Kituo cha kwanza ni chumba chenye picha tatu kubwa za Mariamu amempakata mtoto: ya Cimabue, ya Duccio ambayo kazi yake iliagizwa mwaka 1285, na ya Giotto ya mwaka 1310 hivi. Simama katikati ya chumba. Kwa Cimabue na Duccio, Mariamu yuko kama ishara takatifu, nguo zimechorwa mistari ya dhahabu, uzito wake huuoni. Geukia Giotto. Magoti yanaonekana chini ya kitambaa. Amekalia kile kiti, na kiti kimembeba. Kati ya picha hizi ni miaka kama 25 au 30, na ndani ya miaka hiyo mtu ameanza kuchorwa kama mtu mwenye mwili. Kile ambacho Waitalia hukiita Rinascimento, kuzaliwa upya, kilichukua zaidi ya karne moja kukomaa, lakini mbegu yake unaiona hapo kwa kugeuza shingo tu. Huo ndio ufunguo wa jumba zima, na ndiyo sababu nasisitiza usiukimbie ukielekea kwa Botticelli.

Kituo cha pili, na kwangu mimi kipenzi kuliko vyote, ni picha mbili ndogo za Piero della Francesca: Federico da Montefeltro, mtawala wa Urbino, na mkewe Battista Sforza, wametazamana, kila mmoja amechorwa kwa upande. Federico alipoteza jicho la kulia katika mashindano ya mikuki, ndiyo maana amechorwa kwa upande wa kushoto. Tazama daraja la pua yake, limebonyea kama limekatwa. Mchoraji hakumpamba. Chunusi na mikunjo ya ngozi ipo, na nyuma yao nchi imetandazwa mpaka kwenye ukungu. Battista ni mweupe kama karatasi. Alifariki mwaka 1472, akiwa bado kijana. Picha zimewekwa ili uweze kuzunguka nyuma, na nyuma yake pia zimechorwa, magari ya fahari yanayovutwa na farasi, na wale farasi wa hadithi wenye pembe moja. Wengi hawazunguki.

Kisha Botticelli. *Kuzaliwa kwa Venus* imechorwa kwenye kitambaa, *Primavera* kwenye mbao, zote kwa rangi iliyochanganywa na yai, miaka ya 1480 hivi. Hapa ndipo msongamano ulipo. Ushauri wangu ni kwamba Venus mwangalie kwa mbali, kisha sogea karibu kabisa na Primavera na utazame chini, kwenye majani. Wataalamu wa mimea wametambua aina zaidi ya 100 pale, kila ua na jina lake. Watu wanatazama nyuso, majani wanakuachia wewe.

Leonardo nampa dakika tano, kwenye *Ubatizo wa Kristo* wa mwalimu wake Verrocchio. Malaika wawili wamepiga magoti upande wa kushoto. Mmoja aliachiwa mwanafunzi amchore. Usisome kibao kwanza. Tazama nywele, na jinsi nuru inavyolala shavuni, utamjua mwenyewe.

Na kuna kitu ninachowaonyesha wageni wangu kutoka nyumbani, ambacho vitabu vya watalii hukipita. Ndani ya Uffizi tumo. Kwenye *Kuabudu kwa Mamajusi* ya Mantegna, mfalme mmoja ni Mwafrika, amepiga goti na zawadi mkononi. Kwenye picha ya Dürer ya 1504 yenye kisa hicho hicho, mfalme Mwafrika amesimama, kijana, kavaa vizuri. Na juu ya kuta za korido, karibu na dari, pamepangwa mamia ya picha ndogo za watu mashuhuri wa dunia, zilizonakiliwa na Cristofano dell'Altissimo kwa amri ya Cosimo. Miongoni mwao yumo Lebna Dengel, mfalme wa Ethiopia aliyetawala 1508 hadi 1540. Inabidi uinue shingo mpaka iume. Dada yangu alipoonyeshwa alinyamaza, kisha akaniuliza, "Walimjua kwa jina?" Walimjua kwa jina, japo walilipotosha kidogo kwa tahajia yao.

Kwa hesabu hii unahitaji saa tatu, na hapo umeshaacha mengi, Caravaggio, Titian, Artemisia Gentileschi. Kwenye mtaro wa mgahawa wa juu unaweza kupumua, mnara wa Palazzo Vecchio, jumba la kale la serikali ya mji, uko mbele yako.

Pesa, foleni na miguu

Mara ya mwisho tiketi ya Uffizi ilikuwa euro 25 na ya Accademia 16, na kuweka nafasi kuliongeza euro 4 kwa kila moja. Angalia bei kabla ya kusafiri, maana hupanda. Mtoto chini ya miaka 18 haingizwi kwenye hesabu ya tiketi, hata akiwa na pasi ya Tanzania, Kenya au Kongo. Beba pasi yake. Familia yenye watoto wanne italipia wazazi tu pamoja na ada ya kuweka nafasi.

Nunua kwenye tovuti rasmi ya jumba lenyewe. Mwaka mmoja niliharakisha, nikanunua kwa wakala aliyetokea juu kabisa kwenye utafutaji, nikalipa karibu maradufu kwa saa ile ile na mlango ule ule. Jumatatu majumba yote mawili hufungwa, na wapo wageni niliowapokea wakiwa wameshapanga Jumatatu. Jumapili ya kwanza ya mwezi kuingia ni bure, ila huweki nafasi. Tulipojaribu tulisimama kwenye foleni zaidi ya saa mbili, mama mkwe wangu akakalia ukingo wa barabara. Sirudii.

Kama unatoka stesheni moja kwa moja na sanduku, jua kwamba Accademia haina mahali pa kuhifadhi mizigo. Uffizi wanapo pa kuachia mabegi, ila kwa sanduku ulizia kwanza. Kutoka stesheni ya Santa Maria Novella, majumba yote mawili ni mwendo wa robo saa au zaidi kidogo kwa miguu, na kati ya moja na jingine ni robo saa nyingine.

Jambo jingine linahusu heshima, na kwetu ni zito, kwa hiyo nalisema wazi. Sanamu na michoro mingi ya zama zile iko uchi. Accademia yote imejengwa ikuelekeze kwa Daudi, naye hana nguo, na hakuna njia ya pembeni. Nilipokuwa na mama mkwe nilichagua Uffizi, kwa sababu huko unaamua mwenyewe chumba cha kuingia. Tulimwona Giotto, tukawaona Federico na mkewe, tukaona Mamajusi, na kile chumba cha *Venus wa Urbino* wa Titian tukakipita. Alifurahi, nami sikupata aibu mbele yake.

Kwa watoto ni kinyume. Wapwa zangu, miaka 9 na 12, Uffizi uliwashinda baada ya saa moja. Accademia waliipenda: jitu la jiwe, watu waliokwama ndani ya mawe, kisha piano za kale. Tulitoka kabla hawajaanza kulalamika njaa.

Mwenye magoti mabaya, mwenye saa mbili kabla ya treni, mwenye watoto wadogo, na fundi: Accademia. Mwenye wakwe, mwenye nusu siku nzima, mpenda uchoraji, na yule anayejua kwamba harudi tena: Uffizi, kwa saa ya kwanza asubuhi, 2:15 kwa saa zetu.

Na ukichagua Uffizi, usiende moja kwa moja kula. Ukitoka, zungukia uwanja wa Signoria, simama mbele ya nakala ya Daudi, kisha tazama madirisha ya Palazzo Vecchio juu ya kichwa chake. Mwaka 1527, katika ghasia za kuwafukuza Medici, watu waliojifungia ndani walirusha benchi kutoka juu. Likamwangukia Daudi halisi, mkono wa kushoto ukavunjika vipande vitatu. Vipande vikalala chini katikati ya fujo, mpaka vijana wawili wakajipenyeza kati ya askari, wakaviokota na kuvificha. Mmoja wao alilisimulia tukio hilo kwa kalamu yake mwenyewe alipokuwa mtu mzima. Alikuwa Giorgio Vasari, na jengo unalotoka kulitembelea ni yeye aliyelijenga.